Tiba ya kikundi kwa manusura wa ubakaji: inavyofanya kazi na inapokwama

Kati ya huduma za kisaikolojia kwa wanawake waliobakwa, hii tunaipa alama za juu, kwa sharti kwamba siri haitoki nje ya chumba.

Kikao cha kwanza ni cha mwanamke na mshauri peke yao, kama saa moja. Vinafuata vikao 11 vya kikundi, saa mbili kila kimoja, wanawake 6 hadi 8 walewale mpaka mwisho. Halazimishwi mtu kusimulia alichotendewa, na hilo ndilo zuri kuliko yote. Kinachochambuliwa ni mawazo yaliyobaki: "Nisingepita njia ile." "Sikupiga kelele, kwa hiyo nilikubali." Mshauri mzuri hakimbilii kubisha. Anauliza: saa ile, kabla hujajua kitakachotokea, ulikuwa unajua nini? Mwili ukishaganda kwa hofu, sauti itatoka wapi? Mwanamke hujifunza kutenganisha tukio, wazo na hisia iliyoletwa na wazo hilo, kisha hulirudia zoezi nyumbani. Asiyejua kusoma hulishika kichwani.

Huduma hii ilijaribiwa mashariki mwa Kongo na washauri wa hukohuko, katika utafiti wa wanawake 405 uliochapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 walikuwa bado na dalili nzito za sonona au wasiwasi. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja bila tiba hii, asilimia 42.

Inakwama wapi? Mara nyingi nyumbani. Mwanamke anatoka kikaoni amejinasua kidogo, kisha shemeji anamuuliza, "Ulivaa nini?" Lawama ya namna hiyo huumiza kuliko maneno mengi ya faraja yanavyoponya. Kwa hiyo achague mapema ndugu mmoja wa kumwegemea, naye aelekezwe: amini, usihoji, muulize anataka nini. Vikundi vinavyopokea wageni kila wiki navyo huvunjika, kwa kuwa kuaminiana kunaanza upya kila mara. Na pasipo mtu wa kushika watoto, mahudhurio hushuka.

Tiba hii haichukui nafasi ya hospitali. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 tangu kubakwa na zimezwe siku 28. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120, mapema zaidi ni bora. Anayewaza kujiua ahudumiwe peke yake kwanza, siku hiyohiyo.

Kabla ya kujiandikisha, uliza nani anamsimamia mshauri na daftari la majina linafungiwa wapi. Wakibabaika kujibu, tafuta kwingine.