Vidonge vya kunenepa vya kwenye kimfuko, jamani msinunue

Habari zenu, naandika hii rivyu kwa sababu juzi tu nimeviona bado vinauzwa. Mi nilinunua duka moja la vipodozi Kariakoo, elfu kumi, vidonge vidogo vidogo vimefungwa kwenye kimfuko cha nailoni hakina jina wala tarehe, muuzaji akaniambia dada meza kimoja asubuhi kimoja usiku, mwezi hauishi mashavu yamejaa.

Na kweli yalijaa, siwezi kudanganya. Wiki ya pili tu nakula kama nimetoka kufunga, uso ukawa duara watu wananisifia, ila mikono na miguu imebaki myembamba, tumboni pakatoka michirizi ya zambarau, na presha ikawa juu wakati sijawahi kuumwa presha maishani mwangu. Mwezi wa 4 hela ikakata nikaacha ghafla, hapo ndo balaa lilipoanza. Siku ya tatu siwezi kuinuka kitandani, nikisimama naona giza, natapika, nikasema hii malaria, nikapima, hakuna kitu.

Daktari alivyokiona kile kimfuko akasema kwa dalili hizi hii ni deksa, yani deksamethasoni. Akanichorea figo mbili, kila moja ina kama kikofia juu, akaniambia hizo ndo tezi za adrenali, zinatoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kukusimamisha mwili ukiumwa au ukipata mshtuko. Deksa inafanya kazi hiyohiyo lakini nguvu yake ni kama mara 25, sasa ubongo ukiona damu imejaa deksa unaacha kuzituma tezi, zinasinyaa, zinalala, halafu wewe unakata dawa siku moja, mwili unabaki mtupu, hapo hata kuharisha kidogo kunaweza kukumaliza.

Nilitolewa damu saa 2 asubuhi maana ndo muda kotisoli inakuwa juu, yangu ilikuwa chini kabisa. Nikawekewa dripu na haidrokotisoni, yani kotisoli ya dawa, nikapewa na vidonge vya kupunguza taratibu, huu mwezi wa 7 bado nameza nikisubiri tezi ziamke.

Kwahiyo kama unavimeza sasa hivi naomba usikate mwenyewe leo, beba hicho kimfuko chako nenda hospitali uwaonyeshe wakupunguzie wao, na ukianza kutapika na kuona giza usisubiri kesho, waambie mapema ulikuwa unameza nini, usione aibu.