Duka la dawa Area C: nyota nne

Nilifuata everolimasi ya shangazi, ile ya saratani ya matiti anayomeza pamoja na eksemestani. Dada wa dirishani hakunisukumia boksi tu. Aligeuza risiti, akachora seli: hizi ribosomu ni viwanda vya protini, huyu mTOR ni msimamizi, na kwenye saratani hanyamazi, "zalisha, zalisha!" Dawa inamtuliza, seli inakosa protini za kukulia. Risiti ninayo bado.

Vidonda vya mdomoni alitutahadharisha mapema. Kweli vikaja; pilipili basi, shangazi siku hizi anateleza na ugali wa uwele kwa mlenda.

Kilichonifurahisha zaidi ni zabibu. Shangazi ni mtu wa Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu ya Dodoma, na alishaziacha wiki nzima kisa jirani alimsomea karatasi ya Kiingereza kombo, "grapefruit" akaifanya "grape", zabibu. Kumbe kinachokatazwa ni balungi, linapandisha kiwango cha dawa mwilini! Jioni ile alimaliza kilo, peke yake.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya foleni. Unaeleza ugonjwa wa mzazi wako huku mnunuzi wa panado anakupumulia shingoni. Pazia tu jamani, bei gani?