Migebuka kwa mawese na mvinyo wa Dodoma: nilivyoonja nikiwa Kigoma

Niliishi Dodoma miaka sita kabla ya kuhamia huku kwa wakwe zangu. Siku ya kuondoka, wenzangu walibeba zabibu za kutafuna njiani, mimi nikabeba chupa sita za mvinyo, kila moja nimeiviringishia khanga kama kichanga. Mbili nyeupe za zabibu ya Chenin Blanc, mbili nyekundu za zabibu ya Makutupora, moja nyekundu ya zabibu ya Syrah, na moja ya dompo, ule mvinyo mtamu na mkali. Wajerumani walipofikisha reli Kigoma mwaka 1914 sidhani kama waliwaza mizigo ya namna hii.

Niseme mapema: mvinyo wa Dodoma naupenda, na sijaja kuusema vibaya. Ila kule nilizoea kuunywa na nyama. Huku chakula ni mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, dagaa, ugali wa muhogo, na mawese juu ya karibu kila kitu. Nilidhani utaratibu ni uleule. Nilikosea tangu usiku wa kwanza.

Wifi yangu alipika migebuka. Aliwachoma kwanza kwenye mkaa mpaka ngozi ikakakamaa, kisha akawatia kwenye mawese yaliyokaangiwa kitunguu na nyanya, akakamua ndimu, akafunika. Mafuta yakapanda juu, mekundu kama jua linalozama upande wa Kongo. Mimi kwa mbwembwe nikafungua Makutupora. Mvinyo mzuri, rangi nzito, harufu ya matunda meusi, na ule ukakasi wa kuvuta mashavu kama umeng'ata ndizi mbichi. Ukakasi huo unatokana na tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Ukiunywa peke yake, hauna neno.

Wifi akala tonge, akanywa funda moja, akanitazama.

"Wifi, hii umeichemsha na misumari?"

Nikacheka, kisha nikaonja na samaki mdomoni. Alikuwa sahihi kabisa. Ladha ya chuma, kama umelamba sarafu, na samaki akanuka mara mbili zaidi ya alivyokuwa kwenye sufuria. Mvinyo mwekundu una chembe za madini ya chuma, na zikikutana na mafuta ya samaki huleta hiyo harufu. Mgebuka ni samaki wa mafuta, na ukimchoma anazidi kukolea. Kwa hiyo kosa halikuwa la mpishi wala la chupa, lilikuwa langu niliyewakutanisha.

Wiki iliyofuata nilirudia pishi lilelile na Chenin Blanc. Umeme ulikuwa umekatika, friji vuguvugu, nikamtuma kijana mwaloni Kibirizi akaniletee barafu wanazohifadhia samaki. Nikaweka chupa kwenye ndoo ya barafu, maji na viganja viwili vya chumvi. Chumvi inafanya yale maji yawe baridi kuliko barafu na maji matupu, na haikufika nusu saa chupa ikawa inatoa jasho. Chupa kwa nje ilinuka dagaa, nikaifuta kwa kitambaa chenye ndimu, mambo yakaisha.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Mawese yanaganda kwenye kaakaa. Ukifika tonge la tano husikii tena ladha ya samaki, unasikia mafuta tu. Mvinyo mweupe una uchachu, na ule uchachu unayakata mafuta kama ndimu inavyofanya, ila wenyewe unaacha na harufu ya tunda. Kila funda lilikuwa linaufungua mdomo upya. Ugali wa muhogo nao, kwa ule utamu wake wa mbali, haukugombana na chochote. Wifi hakusema kitu, alisogeza glasi tu. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za kawaida. Siku hiyo mimi niliambulia moja na nusu.

(Mama mkwe hanywi, na nyumbani kwake Ujiji chupa haiingii. Haya yote yanafanyika kwa wifi, mtaa wa Mwanga hapa mjini. Mume wangu yupo na bia yake, anatuona tumechanganyikiwa.)

Sasa mgahawani. Sitautaja, upo karibu na ziwa, chakula chao kizuri na upepo wa bure. Niliagiza mbuzi choma na glasi ya mvinyo mwekundu. Mhudumu akashusha chupa kutoka rafu ya juu, mkabala na dirisha, mahali jua la saa tisa linapopiga moja kwa moja. Ilikuwa imeshafunguliwa, siku gani Mungu anajua. Nikanusa: siki. Nikaonja: siki ya moto. Nikaomba iliyofungwa, tena iliyopozwa.

"Dada, nyekundu hainywewi baridi. Ni joto la chumba."

Simlaumu, na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Lakini hicho chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, cha kuta za mawe na watu waliovaa masweta, digrii 15 hadi 18 hivi. Chumba cha Kigoma mchana ni kingine kabisa. Ukiunywa hivyo pombe inakupanda puani na tunda lote linapotea. Nilimbembeleza akaitia chupa mpya kwenye ndoo ya barafu dakika ishirini, na kwa mbuzi yule mwenye mafuta na chumvi, ukakasi wote ukalainika. Hapo mvinyo mwekundu ulikuwa kwao. Bili ilipokuja nikakuta ile glasi ya siki nayo imeandikwa. Nililipa, ila bado inaniuma.

Syrah niliifungua na kisamvu cha karanga. Haikuwa mbaya, haikuwa na maana.

Dompo ndiyo iliyonishangaza. Ni tamu na kali, wengi wanaichukulia kinywaji cha kulewea haraka, na hata mimi niliibeba kwa mazoea tu. Wifi alikaanga dagaa wakavu mpaka wakawa wanalia mdomoni, akawamwagia pilipili mbuzi bila huruma. Mvinyo mkavu, yaani usio na sukari, hapo ungekuwa petroli juu ya moto, maana pombe huiwasha pilipili zaidi. Dompo ya baridi sana, kwenye glasi ndogo, sukari yake iliituliza pilipili na chumvi ya dagaa ikaupunguza utamu wake. Lakini usipitilize. Kilevi chake ni kikubwa, na glasi ya tatu pilipili ilirudi na hasira zake zote.

Kwa anayetaka kujaribu huku kwetu: chupa zangu nazilaza chini ya kitanda, ndiko kwenye giza na ubaridi kidogo, na zenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke. Iliyofunguliwa inarudi kwenye friji hata kama ni nyekundu, na siku ya tatu au ya nne namaliza au naitia kwenye mchuzi wa nyama. Kizibuo beba chako. Nilizunguka maduka mawili nikaishia kusukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, tukanywa na vipande vya gome.

Imebaki Chenin moja. Jana nilitaka kuifungua, wifi akanizuia. Mbalamwezi inawaka, wavuvi wa taa, wanaohitaji giza, wamepumzika, na mgebuka sokoni ni wachache na bei imepanda.

"Iache hapo hapo chini ya kitanda," akasema. "Giza likirudi nitakuita."