Kobe wangu (Volkswagen Beetle) kugongwa nyuma: gereji ya Ng'ambo, Tabora, na bima ya aliyenigonga

Gereji ninaipa nyota nne kati ya tano. Kampuni ya bima ya aliyenigonga ninaipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu mwishowe ililipa. Nawaandika wote wawili pamoja kwa ajili ya wenye magari ya zamani huku kwetu, maana ukigongwa nyuma utapita mikononi mwao wote, upende usipende.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1971, hizi ambazo watoto wa mtaani wakiziona wanapiga kelele "kobe!" Nililinunua kwa mzee mstaafu wa reli, na ndilo ninaloendea kazini siku zote za wiki. Nilikuwa napunguza mwendo kwenye tuta, barabara ya Nzega, Canter iliyosheheni mbao za mninga ikashindwa kusimama. Kijana aliyekuwa anaendesha alishuka akanipa shikamoo kabla ya pole, na hakubishana. Trafiki walikuja, wakapima, wakachora ramani, gari likakaguliwa na fomu ya polisi ya ukaguzi wa gari, PF 93, ikajazwa. Upande wa polisi sina neno.

Jambo moja lililonisaidia sana nililifanya palepale barabarani: niliingiza namba ya Canter kwa simu kwenye TIRA MIS, mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima nchini), nikaona bima yake iko hai. Ilikuwa bima ndogo, na hiyo ndiyo iliyotakiwa kunilipa. Yangu pia ni bima ndogo, niliyoilipia shilingi 118,000 pamoja na VAT, ambayo huwalipa wengine ukiwagonga. Wewe mwenyewe ukigongwa haikuhusu. Kwa hiyo usimwache dereva aondoke kwa maneno ya "tutaelewana mzee" kabla hujaiona bima yake kwa macho yako.

Sasa, mtu asiyeijua Beetle akitazama nyuma anaona bampa lililopinda, taa zilizovunjika na kifuniko kilichobonyea, anakwambia ni kazi ya kunyoosha tu. Kumbe nyuma ndiko iliko injini. Tangi la mafuta liko mbele, buti iko mbele, na chini ya kile kifuniko cha nyuma kuna moyo wa gari. Ekzosi imezungushwa mbele kidogo ya bampa, na puli ya kreki (gurudumu dogo linalozungusha fenbelti) iko karibu kabisa na lile bati lililopinda la chini. Canter ikisukuma bampa, bampa linasukuma bati, bati linasukuma ekzosi, na ekzosi imefungwa kwenye silinda hedi za aluminiamu. Nguvu inayobaki inaishia kwenye mauntingi za gia boksi (mipira inayoishikilia) na zile pembe mbili za chesisi zilizoishika. Ukipaka rangi juu ya hayo yote gari litapendeza, na ndani ya miezi michache litakufia njiani.

Mkadiriaji wa kampuni ya bima hakuinama hata mara moja. Alipiga picha za bampa na taa kwa simu yake, akaandika kwamba "buti imebonyea", akaondoka. Buti! Nilimfungulia ya mbele nikamwonyesha tairi la akiba limelala humo salama salimini, akacheka na hakufuta. Kisha akanipa ile kauli ambayo nadhani kila mwenye gari la zamani ameshaisikia: "Mzee wangu, gari la mwaka sabini na moja halina bei sokoni." Hesabu yao ya kwanza ilikuwa 480,000, baada ya kukata uchakavu kwenye kila spea. Yaani taa iliyokuwa nzima inawaka, ikavunjwa na mtu wao, nikatwe kwa sababu ilikuwa ya zamani!

Waliniambia pia nipeleke gari kwenye gereji wanayofanya nayo kazi. Nilikwenda, nikamkuta fundi bodi ana kopo la puti, ule udongo wa kuzibia mabonyeo kabla ya rangi, mkononi kabla hajafungua hata nati moja. Nikageuza.

Gereji niliyoichagua iko upande wa Ng'ambo, uwanja wa wazi wenye mwembe mkubwa na kibanda cha mabati. Haina kibao. Fundi mkuu ni mtu wa makamo kutoka Kigoma, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini mpaka inabidi usogee. Nilipoanza kumwonyesha bampa alinikatiza: "Mwalimu, bampa tutaliona mwisho. Kwanza tushushe injini."

Na kweli aliishusha. Kwenye Beetle injini imeshikwa na bolti nne tu kwenye gia boksi. Ukichomoa waya, bomba la mafuta na kebo ya mafuta, unaipokea na jeki na kuivuta nyuma. Akaingia chini ya gari na futi ya mkanda na kamba, akapima mshazari kutoka kwenye ncha za zile pembe za chesisi hadi mbele, kulia na kushoto, akimwita kijana wake asome tarakimu kwa sauti. Vipimo vililingana, nikashusha pumzi. Angekuta zimepishana sana ningekuwa naandika habari nyingine kabisa. Alichokikuta ni mpira wa mauntingi ya gia boksi umechanika, stadi (bolti isiyo na kichwa) moja ya ekzosi imeng'oka na nyuzi zake kutoka kwenye silinda hedi, na puli inayumba inapozungushwa kwa mkono. Kreki yenyewe aliipima, haikuwa na mchezo wa kutia wasiwasi. Hivyo vyote havikuwemo kwenye karatasi ya mkadiriaji.

Namna alivyonyoosha bati ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Hakuanza na nyundo. Alifunga mnyororo kwenye bati, mwisho wake mwingine kwenye shina la mwembe, katikati akaweka winchi ya mkono, akawa anavuta polepole kuelekea kulekule lilikotokea pigo, anasimama, anagonga kidogo pembeni ili chuma kilegee, anavuta tena. Mimi moyo ulikuwa juu. Bati lilirudi karibu lote kwenye umbo lake, na nyundo ikamalizia. Madigadi za nyuma kwenye gari hili hufungwa kwa bolti, kwa hiyo alizitoa na kuzinyoosha mezani, kisha akazirudisha na mkanda mpya wa mpira kati yake na bodi. Puti aliweka, lakini nyembamba. Najua kwa sababu nilikwenda na sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa, nikaipitisha kote: kwenye chuma chenye puti nyembamba sumaku inashika, kwenye puti nene inadondoka. Fundi aliniona, akatabasamu, akaniambia nipitishe na chini ya taa.

Spea ndiyo sehemu iliyochosha. Tabora huzipati. Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, alinitumia kwa basi taa za nyuma zile kubwa za mviringo, ambazo Beetle zilianza kuzivaa kwenye modeli ya 1973. Hazikai kwenye madigadi ya 1971. Mimi nilikuwa nimemtajia mwaka na kumtumia picha, bado akatuma alizokuwa nazo. Zilirudi kwa basi lilelile, na za kwangu zikapatikana Nairobi. Kwa hiyo ukiagiza, omba picha ya spea yenyewe iliyo mkononi mwa muuzaji kabla hujatuma hela. Uzuri ni kwamba spea bado zipo duniani. Gari hili liliendelea kutengenezwa Mexico hadi 2003.

Nyota moja niliyoinyima gereji ina sababu mbili. Ya kwanza ni rangi: kifuniko cha injini kimetoka cheupe kidogo kuliko bodi, na jua la mchana linaonyesha wazi. Ya pili ni kubwa. Waliporudisha injini walisahau mpira unaoziba nafasi kati ya mabati ya injini na bodi. Injini hii haina rejeta, inapozwa na upepo wa feni inayozungushwa na fenbelti. Ule mpira ndio unaozuia hewa ya moto ya chini, inayotoka kwenye silinda na ekzosi, isipande juu ikavutwa tena na feni. Bila mpira injini inajipuliza joto lake yenyewe. Kwa joto la Tabora la mwezi wa kumi hilo si jambo la kuchekea. Niliyaona mapengo nilipofungua kifuniko siku ya kulichukua gari. Walinipa kiti, wakauweka mpira palepale bila kudai hata shilingi. Lakini ilikuwa kazi yao kuuona, na asiyeijua gari hili angeondoka nalo hivyo hivyo.

Gharama yote, spea na ufundi, ilifika 1,650,000. Nililirudia dai kwa maandishi nikiambatisha nakala ya PF 93, picha za injini ikiwa chini na orodha ya fundi yenye bei ya kila kitu, na nakala ya barua nikaipeleka TIRA. Baada ya hapo simu zilianza kupokelewa. Mkadiriaji mwingine alikuja, huyu akalala chini kwenye turubai na tochi, akauliza maswali ya maana, na malipo yakapanda hadi 1,300,000. Uchakavu wa ekzosi walikataa kabisa kuurudisha, na kwa hilo sikuendelea kubishana. Ekzosi ilikuwa na kutu kweli.

Gari sasa linatembea. Puli imetulia, breki haivuti upande, na kwenda hadi Nzega na kurudi halikuchemka. Kifuniko kitapakwa upya kiangazi na vumbi lake vikiisha, na nitakipeleka kwa fundi yuleyule.