Ofisi ya Mtumba au zabibu za Hombolo?
Ajira ya serikali pale Mtumba, mji wa serikali jijini Dodoma, ina mshahara kila mwezi, bima ya afya na pensheni. Mama naye analala usingizi. Zabibu za Hombolo, eneo la mashamba huko huko Dodoma, huvunwa mara mbili kwa mwaka, katikati ni kupogoa, kupiga dawa na kukopa. Kwa hela ya uhakika, ofisi inashinda mbali.

Ila unaamkia nini bila kusukumwa? Binamu yangu ni karani. Jumamosi alfajiri yuko shambani na mkasi, anachagua macho, yaani vichipukizi, ya kuacha kwenye tawi, chai imepoa juu ya kigogo. Jumatatu, kengele ya simu hulia mara tatu.

Asiache kazi kwanza. Aongeze mistari miwili ya mizabibu, tuone kama hamu itabaki mvua ikimwozeshea vichala.