Uzoefu wangu: jinsi mama alivyopimwa kumbukumbu ya maneno mjini Mbeya

Mama yangu ana miaka 74 na anaishi Tukuyu. Tangu mwaka jana nilianza kumsikia akiuita ungo "kile cha kupepetea" na chujio "kile cha majani ya chai". Kusahau alikoweka ufunguo hakukunitia hofu. Kilichonitisha ni kupotelewa na majina ya vitu alivyovishika kila siku tangu usichana wake.

Tulishuka Mbeya mjini mara mbili. Katika kituo cha kwanza alipewa jaribio la alama 30, lenye kuchora saa na kutaja picha za simba, kifaru na ngamia. Mama aliishia darasa la nne na hajawahi kumwona ngamia, kwa hiyo kunyamaza kwake mbele ya picha ile hakukuonyesha lolote kuhusu ubongo wake. Hata hivyo tuliondoka na karatasi iliyosema uwezo wake umepungua, wala hakuna aliyeuliza kama Kinyakyusa ndiyo lugha yake ya kwanza. Jambo hilo liliniumiza sana.

Kituo cha pili nakisifu kwa moyo wote. Muuguzi alitumia jaribio fupi liitwalo IDEA, lililofanyiwa kazi miongoni mwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambao wengi wao hawakusoma sana. Hata sehemu ya kuunda umbo hufanywa kwa njiti za kiberiti, si kwa kalamu.

"Mama, daraja ni nini?"

"Ni pa kuvukia mto, mwanangu. Lile la Mungu kule Kiwira halikujengwa na mtu."

Kisha akaombwa ataje wanyama kwa dakika moja. Alikunja kidole kimoja kimoja: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, akakwama. Alipoambiwa atumie Kinyakyusa, wakaja wengine watano mfululizo, na wote wakaandikwa.

Muuguzi alinieleza kwamba kumbukumbu ya matukio (yale yaliyokupata) na kumbukumbu ya maana (maneno na vitu unavyovijua), ambazo mwanasaikolojia Endel Tulving alizitenganisha mwaka 1972, si kitu kimoja. Maana inapofifia, mambo madogo madogo hutangulia kupotea, hata kunguru akawa "ndege" tu. Alisisitiza pia kwamba jaribio peke yake halithibitishi ugonjwa, akaagiza mama apimwe masikio, damu kwa ajili ya tezi ya shingo na vitamini B12, na aulizwe kuhusu huzuni, kwa kuwa kaka yetu alifariki majuzi.

Kasoro niliyoiona ni chumba kilichopakana na mapokezi: kelele zilimkatiza mama mara mbili.

Tumepangiwa kurudi baada ya miezi sita. Nimenunua daftari ninamoandika, pamoja na tarehe, kila neno analolizunguka na lugha aliyokuwa akiitumia. Chujio limo mara nne. Ungo, tangu tulipoanza kuzungumza Kinyakyusa jikoni, mara moja tu.