TAHADHARI: Sili za pembeni za RX-8 "zilizokwisha kupimwa" zinazouzwa Mtwara na Lindi

Ndugu wamiliki wa Mazda RX-8 na mafundi wenzangu wa Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi, kuna mtu anayezunguka mikoa yetu na kuchukua oda kwa simu, akiuza sili za pembeni za injini ya rotari, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyozuia mgandamizo usivuje ubavuni mwa rota, ile pembetatu inayozunguka mahali pa pistoni. Anadai kwamba sili hizo zimekwisha kukatwa na kupimwa, na kwamba fundi hana kazi nyingine isipokuwa kuzipachika na kufunga injini. Simtaji jina kwa sababu malalamiko yamekwisha kufika polisi, lakini bidhaa yake naieleza kwa kirefu ili atakayeletewa aitambue kabla hajatoa fedha yake.

Mwezi wa sita mteja wangu wa Lindi aliniletea RX-8 ambayo injini yake ilikuwa imefunguliwa na kufungwa upya na mtu huyo wiki tano tu kabla, kwa shilingi milioni tatu na laki mbili, spea na ufundi pamoja. Asubuhi gari lilikuwa linawaka vizuri, na tatizo lilianza likishapata moto. Alisimama Mingoyo kujaza mafuta, akazima, na alipotaka kuondoka starta ilizunguka mpaka betri ikaishiwa nguvu. Ilimbidi akae kivulini karibu saa nzima, injini ipoe, kisha asukumwe ndipo aendelee na safari ya Mtwara. Alipompigia aliyemfungia injini aliambiwa kuwa RX-8 zote ndivyo zilivyo, na kwamba atazoea.

Injini kukataa kuwaka ikiwa ya moto kunaweza pia kutokana na starta iliyochoka au koili mbovu, kwa hiyo nilianza na hivyo viwili, nikavikuta vizima. Nikapima kompresheni (mgandamizo) kwa kipimo cha injini za rotari, ambacho hutoa namba ya kila uso kati ya nyuso tatu za rota; kipimo cha injini za pistoni huonyesha ile kubwa tu na kuzificha zilizo dhaifu. Kwa mizunguko 250 kwa dakika, kipimo cha Mazda ni kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba, na ikishuka chini ya 6.9 injini ni ya kufunguliwa. Rota ya mbele ilitoa 5.4, 5.1 na 5.9. Ya nyuma haikufikisha 5 kwa uso wowote.

Tulishusha injini. Ina rota mbili, na kwa hiyo ina sili za pembeni 12, tatu kwa kila upande wa kila rota. Kila sili hulala katika gruvu yake juu ya springi, ncha zake mbili zikitazamana na sili za kona, vile vipande vidogo vya duara vinavyokaa kwenye pembe za rota. Nafasi kati ya ncha hiyo na sili ya kona inatakiwa iwe milimita 0.05 hadi 0.15, na ikizidi 0.40 sili hiyo haifai tena. Kwenye sili saba kibapa cha fila (kipimo cha kupimia nafasi nyembamba) cha 0.40 kilipita kikicheza, maana yake mgandamizo ulikuwa unavuja kupitia hapo. Kwenye mbili hali ilikuwa kinyume, hata kibapa cha 0.05 hakikuingia. Hizo ndizo zilizoleta hasara kubwa, kwa sababu chuma kilipopata moto kilitanuka kikakosa pa kwenda, sili ikapinda kama upinde na kuikwangua sahani ya pembeni, yaani ukuta wa injini ambao sili husugua, mstari ambao ukipitisha ukucha unakwama. Sili zinaagizwa zikaja, lakini kupata sahani nzima ya RX-8 ukiwa huku kusini ni kazi nyingine kabisa, na kijana wa watu bado anaitafuta.

Ili nisimzulie mtu, niliagiza seti moja kwa fedha yangu, kwa kutumia namba ya simu ya mtu mwingine. Ilikuja na basi, ndani ya vifuko vya nailoni vilivyofungwa kwa moto, juu yake ikiwa na stika isiyo na namba ya spea. Nilizitandaza sili zote 12 juu ya kitambaa cheupe juani. Tisa zilikuwa zimekwisha kutumika: ukingo unaosugua sahani ulikuwa unang'aa kama kioo, na chini, mahali ambapo brashi ya waya haikufika, masizi yalikuwa bado yameganda. Ncha zake zilikatwa mraba kwa grainda, ilhali sili ya kona ni ya duara na ncha ya sili ya pembeni lazima ifuate mviringo huo; isipoufuata, itagusa sehemu moja na kuacha uwazi sehemu nyingine, na fila itakudanganya.

Nne kati ya hizo 12 hazikuwa hata za RX-8. Zilikuwa na ubavu ulionyooka, za injini za zamani kama ya RX-7. Katika injini ya RX-8 njia za kutolea moshi zilihamishiwa kwenye sahani za pembeni, sili zinapita juu yake na masizi hupenda kujaa kwenye gruvu, na ndiyo sababu Mazda waliziunda sili hizo kwa umbo la kabari, ili zisigande. Mwenye macho ataiona tofauti hiyo akiitazama sili kwa upande wa ncha.

Neno "imepimwa" ndilo linalowanasa watu, na napenda lieleweke vizuri. Nafasi hiyo ni ya sili moja, kwenye gruvu moja, pamoja na sili za kona zitakazofungwa hapo hapo, na kila gruvu hutofautiana kidogo na jirani yake. Hata sili halali iliyotoka kiwandani ikiwa na urefu wake maalumu hujaribiwa mahali pake kabla injini haijafungwa. Fundi husafisha masizi kwenye gruvu, huweka sili za kona, husukuma ncha moja ya sili ya pembeni mpaka iguse, kisha hupima ncha ya pili kwa fila. Ikibana, huiondoa na kuipiga tupa laini mara mbili tatu upande huo mmoja tu, huondoa makali yaliyoachwa na tupa, hurudisha na kupima tena, kwa sababu kilichokatwa kupita kiasi hakirudi. Ikishakaa sawa huiwekea alama ya rota na nafasi yake, isije ikachanganywa na nyingine. Kwa sili 12 hiyo ni kazi ya kumaliza siku, nami humshuku anayesema ameimaliza kwa saa moja.

Kwa hiyo unapopeleka injini kufunguliwa, omba uwepo siku ya kupima, na uandikiwe vipimo vyote 12 kwenye karatasi pamoja na risiti ya spea. Muuzaji huyu hatoi risiti, hutaka fedha yote kabla, na ukimwomba picha ya ncha za sili kwa karibu hukata simu. Mteja wangu ana RB ya polisi Lindi. Aliyeuziwa naye aende akaandikishe, ili malalamiko yawe ya watu wengi.

Seti niliyoinunua ninayo hapa gereji, Mtwara mjini, pamoja na sili zilizotoka kwenye injini ya yule kijana. Mwenye seti anayoitilia shaka aje nayo akiwa na rota zake na sili zake za kona, tutapima pamoja bila malipo.